Herufi Moja Katika Jeni: Jinsi Bakteria wa Kifua Kikuu Wanavyobadilika na Bado Wakaendelea Kuunda Protini

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wahudumu wa maabara, maafisa wa kliniki na walimu wa baiolojia, Eldoret



Wengi tulioketi hapa tumeshika katriji ya GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu. Makohozi huchanganywa na kemikali yake, sehemu moja kwa mbili, yakatikiswa, yakaachwa yatulie, yakatikiswa tena, na baada ya dakika 15 tunavuta mililita 2 na kuzitia ndani. Katika muda usiozidi saa 2, mashine inatoa jibu: bakteria wa kifua kikuu wamepatikana au la, na kama wapo, wana usugu kwa dawa ya rifampisini au hawana. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hupokea wagonjwa kutoka sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, na kwa wengi wao jibu hilo ndilo linaloamua watameza dawa gani. Leo nataka tuliangalie jibu hilo kama habari kuhusu protini. Nashikilia kwamba mfanyakazi wa maabara anayejua kilichotokea ndani ya bakteria huyasoma majibu vizuri kuliko yule anayesubiri tu mashine imwambie.

Tuanze na dawa yenyewe. Ili bakteria aunde protini, kwanza lazima jeni inakiliwe kutoka DNA hadi RNA mjumbe. Kisha ribosomu isome RNA hiyo herufi tatu tatu, yaani kodoni moja baada ya nyingine, na kuunganisha asidi amino. Rifampisini haigusi ribosomu. Inashambulia hatua ya mwanzo. Hukaa ndani ya kimeng'enya cha RNA polimerasi, karibu na njia ambayo RNA mpya hupitia, na mnyororo ukishafika herufi 2 au 3 unakwama. Ni kama gunzi lililoziba mdomo wa mashine ya posho: injini inanguruma, lakini unga hautoki. Bila RNA hakuna protini, na bila protini bakteria hufa.

Sehemu ya polimerasi inayoshikwa na rifampisini huundwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo rpoB. Mabadiliko yanayoonekana mara nyingi zaidi duniani kwa wagonjwa wenye usugu yako kwenye kodoni ya 450, ambayo vitabu vya zamani huiita 531 kwa sababu vilifuata hesabu ya bakteria wengine, E. koli. Kodoni hiyo kwa kawaida husomeka TCG. C ikigeuka T inakuwa TTG. Herufi moja tu katika jenomu ya herufi milioni 4.4! Lakini TCG humaanisha serini na TTG humaanisha lusini. Serini ni ndogo na hupenda maji. Lusini ni kubwa na hukimbia maji. Pale dawa ilipokuwa ikikaa barabara sasa haishiki tena, ilhali polimerasi inaendelea kunakili jeni.

Walimu huwafundisha wanafunzi aina za mabadiliko: yale ya kimya, yanayobadilisha kodoni bila kubadilisha asidi amino; yanayoleta asidi amino tofauti; yanayoweka kodoni ya kusimamisha kabla ya wakati; na yale ambayo herufi moja inaongezwa au kufutwa, hata usomaji wote wa mbele unavurugika. Naomba mkifika hapo mwulize darasa swali moja zaidi: je, bakteria anaweza kuishi bila protini hii? Bila polimerasi hawezi. Herufi moja ikifutwa katika rpoB bakteria huyo hafiki kwenye makohozi, kwa kuwa hana uzao. Wanaoponea ni wachache ambao mashine yao imebadilika kiasi cha kuikwepa dawa, si kiasi cha kuacha kazi. Hata ufutaji unaoonekana katika eneo hilo ni wa kodoni nzima, herufi 3 kwa pamoja, ili usomaji usivurugike. Ndiyo maana zaidi ya 9 kati ya kila visa 10 vya usugu kwa rifampisini vimo ndani ya kipande kifupi cha herufi 81. GeneXpert iliwezekana kwa sababu ya ufinyu huo.

Linganisheni na pirazinamaidi. Dawa hii haifanyi kazi mpaka bakteria mwenyewe aigeuze kwa kimeng'enya kinachotokana na jeni ya pncA, na kimeng'enya hicho anaweza kuishi bila kuwa nacho. Basi jeni inaweza kuharibika popote katika herufi zake 561, kwa njia yoyote ile, na usugu ukatokea. Kupima usugu huo ni kazi ngumu hadi leo.

Mabadiliko haya hayaletwi na dawa. Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück walionyesha kwamba bakteria wenye usugu huwa wameshazaliwa kabla ya kukutana na adui. Adui huja kuwachagua tu. Kwa rifampisini hukadiriwa kwamba hupatikana mmoja katika bakteria wapatao milioni 100, na shimo moja katika pafu la mgonjwa laweza kubeba idadi kama hiyo au zaidi. Mgonjwa akitibiwa kwa dawa moja tu, huyo mmoja anabaki peke yake shambani. Akipewa dawa mbili zinazoshambulia sehemu tofauti, uwezekano wa bakteria mmoja kuzikwepa zote mbili hupungua mno.

Somo hilo lilijifunzwa kwa machungu. Mwaka huohuo wa 1943 Albert Schatz, katika maabara ya Selman Waksman kule Rutgers, Marekani, alipata streptomaisini. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 1948 lilionyesha wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa dawa hiyo peke yake wakipata nafuu, kisha bakteria wa wengi wao wakawa sugu. Dawa hii huingia ndani ya ribosomu yenyewe, kwenye kipande kidogo, na kuifanya isome kodoni vibaya, hivyo protini zinatoka na asidi amino zisizo zake. Bakteria hujiokoa kwa kubadilisha protini ya ribosomu iitwayo S12: kodoni ya 43 kutoka AAG hadi AGG, lisini ikawa aginini. Hapa pana jambo linalonivutia sana. Baadhi ya mabadiliko ya S12 huifanya ribosomu iwe makini kupita kiasi, ikasoma polepole, na bakteria akadhoofika. Yapo hata yanayomfanya bakteria ashindwe kukua bila streptomaisini. Lakini hili la kodoni ya 43 karibu halimgharimu chochote, na ndilo tunalolikuta zaidi kwa wagonjwa.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hii. Kuanzia mwaka 1970, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilishiriki majaribio yaliyofanywa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Yalionyesha kwamba rifampisini ikiongezwa, miezi 6 ya matibabu inaweza kutosha badala ya 18. Matibabu mafupi tunayoyatoa leo hapa Uasin Gishu yana mizizi katika wagonjwa wa nchi hizi, na kila bakteria mwenye rpoB iliyobadilika anatupokonya faida hiyo.

Sasa nije kwenye makosa mawili ya kusoma majibu. La kwanza: GeneXpert husoma DNA, haisomi protini. Kwenye kodoni ya 433, TTC ikigeuka TTT asidi amino hubaki ileile, fenilalanini, na dawa inafanya kazi kama kawaida. Hata hivyo kipimo cha awali kiliwahi kuripoti usugu kwa mabadiliko hayo ya kimya. Toleo la Ultra limeboreshwa litofautishe hali hiyo. La pili ni baya zaidi, kwa kuwa mgonjwa anaachwa na dawa isiyomsaidia. Mabadiliko ya kodoni ya 491 yako nje ya zile herufi 81, kwa hiyo mashine hutangaza kwamba hakuna usugu. Utafiti wa Eswatini uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta mabadiliko hayo katika takriban asilimia 30 ya bakteria wenye usugu kwa dawa nyingi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mgonjwa anayemeza dawa zake ipasavyo na makohozi yake bado yana bakteria, sampuli yake iende kuoteshwa na kupimwa kwa dawa zenyewe katika Maabara ya Kitaifa ya Rejea ya Kifua Kikuu, Nairobi, hata kama GeneXpert imesema hakuna usugu. Na pale mashine inaposema usugu upo, tusiandike neno hilo peke yake. Katika taarifa kamili ya kipimo, mashine huonyesha ni kichunguzi kipi, yaani kipande cha DNA kinachotafuta sehemu moja ya zile herufi 81, kilichoonyesha mabadiliko. Kiandikwe kwenye fomu. Daktari atakayemwona mgonjwa huyo miezi mitatu baadaye atajua usugu uko kwenye kodoni za eneo gani, na kama jibu la kuotesha litapingana na la mashine, tutakuwa na pa kuanzia.