Mzigo Abebe Nani? Kumuuguza Nyumbani Aliyepasuliwa Ngiri

Mada kwa semina ya wahamasishaji wa afya ya jamii, Werugha



Mgonjwa wa ngiri akitoka hospitalini, iwe Wesu au ile ya rufaa ya Moi kule Voi, huagizwa asinyanyue kitu kizito. Agizo ni sahihi, ila huku kwetu maji hupandishwa kutoka bondeni, kuni huteremshwa mlimani, na kabeji hubebwa hadi gari linapoweza kufika. Jerikeni la lita 20 likijaa ni kilo 20. Mtu akiambiwa tu asibebe, na asitajwe wa kubeba badala yake, wiki ya pili atainama alichukue mwenyewe. Kwa hiyo nashikilia kwamba matunzo ya mgonjwa huyu yaanze kabla hajapasuliwa, jamaa wakae waamue nani atachota, nani atakata kuni, nani atapeleka mboga sokoni.

Ngiri hutokea pale ukuta wa tumbo ulipolegea, hasa kinenani au kitovuni, utumbo au mafuta ya tumboni yakapenya. Daktari huyarudisha ndani, kisha huziba kwa nyuzi au kwa wavu. Nyama mpya huota ndani ya matundu ya wavu kwa muda wa wiki kadhaa. Kunyanyua mzigo, kukohoa na kujikamua chooni huongeza shinikizo tumboni, na shinikizo hilo husukuma palepale palipozibwa. (Msichanganye ngiri na busha. Busha ni maji yanayojaa kwenye mfuko wa korodani, na hapa Pwani mara nyingi huletwa na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu.)

Wapo wanaouogopa wavu wakidhani utaoza. Waelezeni habari za Kamuli, mashariki mwa Uganda. Huko wanaume 302 walipasuliwa kwa ganzi ya sehemu, baadhi wakawekewa wavu wa kawaida wa hospitali, wengine wavu wa chandarua uliotakaswa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu.

Mwongozo wa kimataifa wa wataalamu wa ngiri, wa mwaka 2018, unasema mgonjwa arudie shughuli zake mapema, kadiri maumivu yanavyomruhusu. Naukubali kwa kutembea, kupika, kufundisha au kuuza dukani. Kwa gunia la viazi kwenye mteremko, mimi nasema asubiri wiki nne hadi sita, na aliyezibwa kwa nyuzi bila wavu amuulize daktari kwanza. Pikipiki kwenye njia ya mawe nayo ingoje mpaka maumivu yatulie.

Lakini asilazwe kitandani. Zamani, enzi za daktari Bassini kule Italia katika miaka ya 1880, mgonjwa alilazwa kwa wiki nyingi. Baadaye daktari Earle Shouldice wa Toronto akawa anawainua wagonjwa wake mapema watembee, na leo mgonjwa hutembea siku ileile ya upasuaji. Kulala mchana kutwa huhatarisha damu kuganda miguuni na hufunga choo. Kupanda kilima polepole, mikono mitupu, hakumdhuru.

Choo kigumu huwatesa wengi, hasa wanaotumia dawa kali za maumivu. Kimanga chenye maharagwe kinafaa, pamoja na mboga, parachichi na maji mengi, maana baridi ya huku huwasahaulisha watu kunywa. Baridi hiyohiyo humvuta mgonjwa jikoni aote moto, moshi ukamkohoza. Mtafutieni joto kwa blanketi, na akikohoa abane kidonda kwa mto au leso iliyokunjwa.

Mwanamume anaweza kuona korodani zimevimba na kugeuka rangi ya zambarau, akaficha kwa aibu. Mwambieni mapema kwamba hilo ni la kawaida kwa wiki moja au mbili, na avae chupi yenye kubana kiasi. Homa ya 38 kwenye kipimajoto chenu, usaha, damu isiyokoma, kushindwa kukojoa, kutapika huku tumbo limefura, au mguu mmoja kuvimba, hayo ni ya kwenda hospitali usiku huohuo. Jueni mapema ni gari la nani litakalomchukua.

Linaloniuma zaidi ni hali ya mama aliyepasuliwa ngiri. Baba akipasuliwa, ndugu na wana huja shambani. Mama akipasuliwa, watu huja kumpa pole, hunywa chai aliyoipika yeye, kisha huenda zao. Mtoto wa miaka mitatu ana kilo kama 14, na humlilia mamaye ambebe. Aketi, mtoto apande mwenyewe mapajani. Ila la maji na kuni ni la mume, na mumwambie mbele ya mkewe, siku ya kwanza mnapomtembelea.

Napendekeza hospitali imjulishe mhamasishaji wa kijiji kabla mgonjwa hajatoka, na kwenye karatasi ya kuruhusiwa liandikwe jina la atakayebeba mizigo kwa wiki hizo sita. Tuanze na wale wanaongoja tarehe ya upasuaji sasa.