Dawa za Asili na Imani Yetu: Tumsadiki Nani?

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi)



Katibu wetu aliniomba nizungumze juu ya afya, kwa kuwa nimetumikia zaidi ya miaka thelathini katika vyumba vya dawa vya zahanati na hospitali za hapa uwanda wa kati. Nimechagua jambo moja tu, nalo ni hili: Mkristo anapoambiwa kwamba mti fulani au mzizi fulani unaponya, atajuaje kama aliyoambiwa ni kweli?

Swali hili si la mchezo. Miaka michache iliyopita tulimzika mama mmoja wa mtaani kwetu, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa na kisukari cha kuhitaji sindano ya insulini kila siku. Aliuziwa chupa mbili za dawa ya majani nje ya uwanja wa ibada. Kwenye karatasi ya chupa palipigwa chapa mstari wa Biblia, na muuzaji alimwambia kwamba kuendelea kujidunga sindano ni kupungukiwa na imani. Akaacha sindano siku ya Jumapili. Ijumaa tukawa msibani. Mama yule hakuwa mjinga, wala imani yake haikuwa haba. Alichokosa ni kipimo cha kupimia maneno aliyoambiwa.

Ndugu zangu, sisemi haya kwa kudharau dawa za asili. Mkristo hana sababu ya kuzidharau. Mfalme Hezekia alipougua aliomba kwa machozi, Mungu akamsikia, na katika habari iyo hiyo nabii Isaya akaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu lake. Sala na dawa zilikwenda pamoja. Msamaria mwema alimimina mafuta na divai katika majeraha. Luka aliyetuandikia Injili alikuwa tabibu.

Hata dawa za hospitali nyingi zimetoka porini. Kwinini ilitoka katika gome la mti wa milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, na Wajesuiti ndio waliosaidia kuifikisha Ulaya katika karne ya 17. Wako Waprotestanti walioitilia shaka kwa sababu tu ililetwa na Wakatoliki, wakaendelea kutetemeka kwa homa. Hapo pana fundisho la kwanza: dawa haina dhehebu. Haiponyi kwa kuwa ameileta mtu wa kwetu, wala haishindwi kwa kuwa ameileta mtu wa kwao.

Dawa ya mseto ya malaria, ambayo nchi yetu ilianza kuitumia badala ya SP mwaka 2006, imetokana na mmea wa Artemisia wa China. Mama Tu Youyou, mtafiti wa China, aliusoma katika kitabu cha tiba cha kale. Lakini hakuishia kusoma. Alipoona kwamba kuchemsha kunaiharibu nguvu ya mmea, alitafuta njia ya kuitoa dawa bila moto mkali. Akaijaribu kwa wanyama, na kabla ya kuwapa wagonjwa aliimeza yeye mwenyewe. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Wazee wa kale walionyesha njia, na upimaji ukaonyesha ni wapi njia ile inafika.

Sasa nije kwenye neno hili "asili". Siku hizi muuzaji akisema dawa yake ni ya asili, watu hudhani amekwisha kuthibitisha kwamba haidhuru. Hapa kwetu hatuhitaji kwenda mbali kupata jibu. Mwaka 2016 watu wa Chemba, Kondoa na wilaya jirani ya Kiteto walianza kuugua manjano na kuvimba tumbo. Wagonjwa 68 waliandikishwa, na 20 kati yao walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ni sumukuvu, yaani sumu ya ukungu uliomea katika mahindi yaliyolimwa na kuhifadhiwa nyumbani. Hapakuwa na kiwanda hapo. Ukungu ni kitu cha asili, na mahindi yale ni ya shamba letu wenyewe.

Tazameni pia habari ya macho. Dakta Allen Foster, aliyekuwa daktari wa macho katika Hospitali ya Mvumi, aliandika pamoja na mwenzake mwaka 1987 juu ya watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda kwenye kioo cha jicho. Sababu kubwa ilikuwa surua, hasa kwa mtoto aliyepungukiwa na vitamini A. Lakini wako watoto ambao macho yao yaliharibiwa na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Mzazi alikamua jani kwa mapenzi yote, akamtia mwanawe upofu. Na ajabu ni kwamba kinga nayo iko shambani: mboga za majani, maembe na mapapai hulinda jicho lile lile, pamoja na chanjo ya surua. Jani likiliwa linaokoa, na jani likikamuliwa jichoni linapofusha. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama kitu ni cha asili. Hapana budi kuuliza kinatumiwaje, kwa kiasi gani, na kwa ugonjwa gani.

Ndugu Mwenyekiti, sitaweza kuzungumza juu ya jambo hili bila kuitaja Loliondo. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea kijiji cha Samunge, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye wengi tulimwita Babu. Alisema Mungu alimwonyesha katika ndoto mti wa mugariga. Kikombe kimoja kilikuwa shilingi 500, na kilisemwa kuponya UKIMWI, kisukari, saratani na pumu. Walikwenda maskini na matajiri, mawaziri na wabunge, kwa mabasi na kwa helikopta. Foleni ya magari ilipimwa kwa kilomita. Wako wagonjwa waliotolewa katika vitanda vya hospitali wakafa njiani. Wako walioacha dawa za kufubaza virusi kwa kuwa waliamini wamekwisha kupona, na virusi havikuacha kazi yake.

Simhukumu mzee yule, ambaye aliaga dunia Julai 2021. Shilingi 500 si bei ya tapeli. Yaelekea aliamini kwa moyo wake wote. Na hapo ndipo penye fundisho gumu zaidi: unyofu wa msemaji si uthibitisho wa dawa. Mtu aweza kuwa mchungaji wa kweli, akasema bila hila, na bado akakosea juu ya mugariga. Wataalamu walisema dawa ile haikuonekana kuwa na sumu kwa kiasi kile, na watu wengi wakasikia kwamba imethibitishwa kuponya. Hayo ni mambo mawili. Maji ya kunywa nayo hayana sumu.

Basi tufanyeje? Kitabu cha Matendo kinawasifu watu wa Beroya. Walimsikiliza Mtume Paulo kwa moyo mkunjufu, kisha wakachunguza kila siku kama aliyosema ndivyo yalivyo. Kama Paulo alichunguzwa na wasikilizaji wakasifiwa, muuza chupa ni nani hata asichunguzwe? Nawapeni maswali matano.

Kwanza, dawa hii inasemwa kuponya magonjwa mangapi? Ikianzia upara ikaishia UKIMWI, iacheni. Magonjwa yana vyanzo mbalimbali, na ufunguo mmoja haufungui kila mlango.

Pili, anayeisifu ndiye anayeiuza? Si kila muuzaji ni mwongo, lakini tafuta neno la mtu asiyepata faida.

Tatu, ushahidi wake ni nini? Ushuhuda mbele ya kanisa hautoshi. Aliyepona husimama akashuhudia, na aliyekufa hawezi kuja kushuhudia. Tena magonjwa mengi huisha yenyewe, na dawa iliyonywewa jana yake ikapata sifa. Ushahidi wa kweli ni kulinganisha. Wilaya yetu ya Kongwa imeufundisha ulimwengu jambo hili. Watafiti walitaka kujua kama kunawa uso kunapunguza ugonjwa wa vikope. Wakachukua vijiji, vyote vikapewa dawa ya kupaka, lakini vingine vikahimizwa pia kuwaosha watoto nyuso. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: watoto waliokuwa na nyuso safi walipungukiwa na vikope vikali. Maji ni dawa ya asili kuliko zote, na hata maji yalipimwa kwanza.

Nne, je, anakuambia uache dawa za hospitali au umfiche daktari? Hapo ondoka mara moja. Mtu wa kweli haogopi shahidi wa pili.

Tano, kipimo chake ni kipi, na ametambuliwa na nani? Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake. Muhimbili imekuwa ikichunguza dawa zetu za miti tangu 1974. Uliza usajili. Lakini mjue kwamba usajili ni mwanzo tu, kwani kumtambua mganga si kuthibitisha kila anachokisema.

Huenda mtaniuliza: wacha Mungu wakitofautiana na wataalamu, tufuate nani? Mfano upo. Hans-Martin Hirt, mfamasia Mjerumani aliyefanya kazi Zaire miaka ya 1980, alianzisha shirika la Anamed, nalo limewafundisha watu wengi wa makanisa ya Afrika kupanda na kutengeneza dawa za mimea. Ni kazi yenye moyo wa Kikristo. Lakini juu ya kutibu malaria kwa chai ya Artemisia, Shirika la Afya Duniani limekataa, kwa kuwa dawa iliyomo katika kikombe haina kipimo cha hakika na yaweza kuwazoeza vimelea. Mimi katika hili namshauri mzazi ampe mtoto mseto, kwa sababu malaria haimngojei mtoto mpaka wakubwa wamalize mabishano. Bustani ya mimea na iendelee, na utafiti uendelee.

Wazee wenzangu mnakumbuka mwaka 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakachukua majembe wakachimba vyoo. Habari ile ilikuwa na mwenyewe, ilikuwa na kitabu cha kurejea, na palikuwa na kikundi cha kuuliza maswali. Leo habari inaingia katika simu usiku, haina jina wala anwani, na kabla ya kumaliza kuisoma tumekwisha kuitumia kwa watu hamsini.

Kwa hiyo natoa hoja mbili. Chama chetu kisaidie shule kuanzisha kikundi cha afya, chenye mwalimu wa baiolojia na mganga wa zahanati ya karibu, na bustani ya miti ya dawa ya kwetu. Kila mti uwekewe kibao kinachosema wazee waliutumia kwa nini, watafiti wameona nini, na lipi bado halijapimwa. Na ninyi vijana, ninyi ndio mnaowasomea bibi na babu zenu maneno ya kwenye simu. Nawaombeni msiwe matarishi tu. Ujumbe wa dawa ukifika, uulizeni yale maswali matano kabla haujamfikia mgonjwa.

Kupima neno si kumkosea Mungu heshima. Yeye ndiye aliyetupa majani, na akatupa pia akili za kuyachagua.