Goti Likikataa Mbio
Mazungumzo ya mtaalamu wa tiba ya viungo kwa wakazi wa Kaunti ya Mombasa

  

Nimeombwa nizungumze kuhusu magoti, na naona hata kabla sijaanza wapo waliokwisha kuyashika.

Wanaokuja kliniki wakiwa na miaka arobaini na kitu au hamsini huja na kisa kinachofanana. Mtu alikuwa akikimbia mara tatu kwa wiki, kutoka mtaani kwake hadi Mama Ngina na kurudi. Goti likaanza kuuma, kwanza baada ya mbio, kisha katikati ya mbio, mwishowe hata akishuka ngazi. Jirani akamwambia mafuta ya goti yameisha, atulie asije akalimaliza kabisa. Akatulia. Mwaka umepita, goti bado linauma, na sasa kilo zimeongezeka na mkononi ana kadi ya kliniki ya presha.

Hiyo kadi ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko goti lenyewe. Goti linalouma mara nyingi tunaweza kulisaidia. Lakini mtu wa makamo aliyeacha kabisa kuushughulisha mwili anaufungulia mlango ugonjwa wa presha na wa kisukari, na hayo ni maradhi ya kuishi nayo.

Sasa tuseme kuhusu haya mafuta. Ndani ya goti, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, kitu laini kinachoteleza, na katikati yake kuna ute. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hulifikia kupitia huo ute, nao huingia na kutoka goti linapokandamizwa na kuachiliwa, kama sifongo unapoikamua na kuiachia ndani ya maji. Kwa hiyo goti lisilotembezwa ni goti lenye njaa. Na bamia, ambazo najua wengi wenu mmeambiwa mle ili mafuta yarudi, ni mboga nzuri, zipikeni na nazi mle. Ila ule mlenda wake unaishia tumboni, hauna njia ya kufika gotini.

Tena tusizisingizie mbio. Tafiti za wanaokimbia kwa ajili ya afya, si wa mashindano, hazioneshi kwamba magoti yao husagika zaidi ya ya wasiokimbia. Kinachobadilika umri ukisonga ni misuli kupungua, uzito kuongezeka, na jeraha la mpira la ujanani kuamka. Halafu mtu anakaa ofisini au kwenye usukani wa matatu siku tano, Jumamosi anaenda kilomita nane. Goti hushangaa.

Fikirini hesabu hii. Unapokimbia kuna wakati miguu yote miwili iko hewani, na mguu unapotua unapokea mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Mtu wa kilo 80 anatua kwa kilo 160 hadi 240, hatua baada ya hatua. Ukitembea, mguu mmoja uko chini daima, na mzigo wa kutua unazidi uzito wako kidogo tu. Moyo unataka kazi. Haujali kama kazi hiyo imetokana na mbio au na kitu kingine. Basi tuupe kazi, lakini tulipunguzie goti kishindo.

Ya kwanza ni kutembea, na simaanishi kutembea kwa kutazama maduka. Tembea hadi uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya kiasi hicho kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Aliyeacha muda mrefu aanze na dakika kumi. Chagua mahali tambarare. Kuteremka kunalemea goti kuliko kupanda, ndiyo maana wengi hulalamika wakiteremka kuelekea feri ya Likoni na si wakipanda. Hapo punguza mwendo na ufupishe hatua. Mchanga nao una siri yake. Ule mkavu wa juu unazama na kulipinda goti, na ufuo ulioinama hulemea upande mmoja. Ngoja maji yapwe, utembee kwenye mchanga ulioshikana, uende nusu na kurudi nusu ili kila mguu upate zamu yake ya upande wa chini.

Ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na inasikitisha kwamba sisi watu wa kisiwa tunaitumia kidogo. Maji. Ukisimama kwenye maji yanayofika kiunoni, miguu yako inabeba kama nusu ya uzito wako. Yakifika kifuani, inabeba chini ya nusu, kama theluthi hivi. Yule wa kilo 80 sasa ana magoti yanayobeba kilo 27 hivi, na bado anatoka jasho, kwa sababu maji yanamzuia kila anaposogea. Ukiongeza kasi, nayo yanaongeza ubishi. Ukisimama, yanakuachia. Hakuna mashine ya jimu yenye adabu kama hiyo.

Na huhitaji kujua kuogelea. Unatembea tu, sambamba na ufuo, maji ya kiunoni au ya tumboni, mikono ikisukuma. Mbele hatua ishirini, kinyumenyume hatua kumi, kiubavu hatua kumi. Kisha nyanyua magoti kama askari wa gwaride. Dakika kumi na tano za mara ya kwanza zitakutosha, naahidi. Akina mama mnaweza kuingia na buibui jepesi au dera na suruali ndani. Nguo itaongeza uzito wa kazi kidogo, basi punguzeni muda.

Lakini bahari ina masharti yake na hapa sitaki mzaha. Nenda mahali palipo na watu, kama ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta pale Bamburi, na usiende peke yako. Ingia maji yakiwa yanajaa taratibu au yametulia. Yanapokupwa kwa kasi, hasa siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mkondo unaweza kumvuta hata anayejua kuogelea. Saa za maji husogea karibu dakika hamsini kila siku, kwa hiyo saa iliyokufaa Jumapili haitakufaa Alhamisi. Waulize wavuvi, hawana choyo na elimu hiyo. Msimu wa kusi bahari huchafuka, siku nyingine ni za kuiacha. Vaa viatu vya plastiki kwa ajili ya mawe na viumbe wenye miiba. Mwenye kisukari asiingie kabisa bila viatu, maana huenda asihisi akichomwa, na kidonda cha mguu kwake si jambo dogo.

Ya tatu ni baiskeli. Hapa uzito wako umebebwa na kiti na goti linazunguka tu. Makosa ninayoyaona ni kiti kilichoshushwa mno, mtu anapiga pedeli magoti yakikaribia kidevu. Kipandishe hadi mguu uwe umekunjika kidogo tu pedeli inapofika chini. Barabara zetu mnazijua. Toka alfajiri palipo pweke na magari, uvae nguo inayong'aa na uwe na taa.

Yote hayo hayatafika mbali kama paja ni dhaifu. Misuli ya paja ndiyo springi ya goti. Kaa kwenye kiti kigumu, si sofa, mikono ukiikunja kifuani, kisha simama na uketi polepole mara kumi. Pumzika, rudia. Fanya hivyo siku mbili au tatu kwa wiki. Ikiwa huwezi bila mikono, weka mto kitini kipande juu. Mama mmoja aliniuliza atajuaje kama linamfaa. Nikamwambia ahesabu siku anazoinuka kutoka kwenye sujudu bila kushika ukuta.

Kuhusu maumivu. Kuuma kidogo wakati wa zoezi kunakoisha kabla ya siku ya pili hakuna neno. Likiuma zaidi kesho yake, au likivimba, ulizidisha; punguza, usiache. Ninachowaomba msifanye ni kumeza diklofenaki au ibuprofeni kutoka duka la dawa ili mweze kukimbia. Dawa hizo zikizoeleka huumiza tumbo na figo na hupandisha presha, na goti lililonyamazishwa haliwezi kukuonya.

Mwenye kutaka kurudi mbioni arudi, mbio si haramu. Atembee kwanza nusu saa bila shida kwa wiki kadhaa, kisha achanganye dakika moja ya mbio na tatu za kutembea.

Kuna hali za kutosubiri. Goti lenye moto na wekundu pamoja na homa, goti linalokwama au kukuangusha, lililovimba ghafla baada ya kuanguka, au ndama wa mguu aliyevimba na kuuma upande mmoja: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na yeyote anayepata maumivu ya kifua au kuishiwa pumzi akijitahidi, aonane na daktari kabla ya zoezi lolote nililotaja leo.

Mkija kliniki, vaeni nguo inayopandishika juu ya goti, mlete dawa zote mnazotumia, na viatu vyenu vya kutembelea, vile vya zamani. Msivifute wala msivioshe. Soli iliyolika inaniambia mengi kabla mgonjwa hajafungua mdomo.

 Maswali sasa, na mzee yule wa nyuma aliyeinua mkono tangu niliposema bamia aanze.