Ghassani na Watu wa Mkonge

Mwaka 2015, Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili ilipotolewa kwa mara ya kwanza, upande wa mashairi alishinda Mohammed Khelef Ghassani, mzaliwa wa Pemba na mtangazaji wa Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle mjini Bonn, Ujerumani. Diwani yake ni N'na Kwetu: Sauti ya Mgeni Ugenini, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota. Anazo nyingine, zikiwemo Andamo na Siwachi Kusema, lakini hii ndiyo inayotuhusu zaidi hapa Korogwe na Handeni, mkoani Tanga.

Ardhi yetu inaujua ugeni. Enzi za ukoloni, mashamba ya mkonge ya Tanga yalileta vibarua kutoka Songea, Kigoma, hata Ruanda-Urundi. Alfajiri walikata majani, wakayafunga mafungu yapelekwe korona, mtambo wa kutenganisha nyuzi, kusagwa. Jioni, kambini, walizungumza lugha za makwao. Wengine hawakurudi kabisa, na wajukuu wao leo ni wenyeji wa hapa. Ghassani anaishi Ulaya, kwa kazi nyingine kabisa, lakini uchungu wa kuwa mbali na kwenu naamini wazee wale wangeutambua mara moja.

Kwa hiyo naziomba halmashauri zetu zinunue diwani hii kwa maktaba za sekondari. Na walimu wa Kiswahili wawatume wanafunzi kwa wazee waliosalia wa mkonge, wawasikilize, kisha watunge mashairi yao wenyewe. Likizo ijayo inatosha kuanza.