Maziwa ya Ulaya ya Kilosa, Sheria ya Ulaya ya Wazungu

(Haya ni mazungumzo niliyoyaandaa kwa wafugaji, wauza maziwa na wanywaji wa Kilosa na Mikumi. Nawe msomaji, vuta kiti usikilize.)



Kati ya Kilosa mjini na Mikumi kuna mahali panaitwa Ulaya. Si Ulaya ya kwenda kwa ndege. Ni Ulaya yetu ya vumbi, ya jembe na ya ng'ombe. Ninaitaja kwa sababu ukizitazama kanuni za biashara ya maziwa utadhani walioziandika walikuwa na ile Ulaya nyingine kichwani, ambako lami inafika mlangoni mwa zizi na gari la jokofu linapita kila asubuhi.

Tuanze na mali yenyewe. Maziwa si mahindi. Mahindi utayaweka ghalani ukingoje bei. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri, kwa joto la Kilosa na bila kupoozwa, hayana siku mbili. Kwa hiyo mama wa Kimaasai wa Twatwatwa au Parakuyo hana ubavu wa kungoja. Anamuuzia anayefika. Na anayefika ni nani? Ni kijana wa baiskeli au pikipiki mwenye madumu. Kati ya kila lita 100 zinazokamuliwa Tanzania, zinazopita kiwandani hazifiki hata 10. Nyingine zinanywewa nyumbani au zinapita mikononi mwa watu kama kijana huyu.

Sasa sheria. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha Sheria ya Sekta ya Maziwa, Namba 8, ikazaa Bodi ya Maziwa. Mfanyabiashara asajiliwe. Chombo kiwe cha chuma au alumini, si dumu la plastiki. Bado hapo kuna leseni ya halmashauri, kupimwa afya, Wakala wa Vipimo na viwango vya TBS. TFDA nayo ilikuwemo hadi 2019, kazi ya chakula ilipohamishiwa TBS. Kila mlango una risiti yake.

Tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme vibali na ada zote, ukizigawa kwa siku, ni shilingi 4,000. Kijana anabeba lita 40. Kila lita imebeba mzigo wa shilingi 100. Mwenye kiwanda cha lita 10,000 kwa siku akitozwa hizo hizo 4,000, kila lita yake imebeba senti 40! Ada ni moja, maumivu si mamoja. Mkubwa hata hasikii, mdogo anakatika kiuno.

Je, shilingi 100 hizo analipa nani? Kijana hana pa kuzitoa. Akifika zizini anapunguza bei kwa mama. Akifika Mikumi anaongeza bei kwa mama ntilie, naye mama ntilie anaongeza bei ya chai au anaongeza maji. Mfugaji kapunjwa, mnywaji kapandishiwa. Na kijana akinyang'anywa madumu njiani, kesho hatokei. Maziwa ya mama yanamwagwa au wanapewa ndama. Mnywaji anaambiwa anunue ya pakiti kutoka mjini. Kabwela anayenunua maziwa kwa kikombe atayaweza wapi?

Sisemi uchafu uachwe. Maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu na brusela, na wapo wanaotia maji bila haya. Mnywaji ana haki ya kulindwa. Lakini ulinzi ni kupima maziwa kwa laktomita, kumfundisha muuzaji, na kumsisitizia mnywaji achemshe. Kumfukuza muuzaji barabarani hakuui kijidudu hata kimoja. Kunamfanya apite njia ya porini usiku, asikokuwepo wa kumpima.

Msidhani serikali haikuwahi kuishika biashara hii yenyewe. Enzi za mashirika ya umma tulikuwa na Tanzania Dairies Limited, TDL, yenye viwanda miji kama Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Musoma na Mbeya. Ilitegemea mno unga wa maziwa wa msaada kutoka nje, huku ng'ombe wetu wamejaa mbugani. Miaka ya 1990 ikaanguka. Aliyebaki akibeba maziwa ni yule yule wa dumu.

Majirani zetu Kenya walipita njia hii. Wauza maziwa mabichi waliwindwa miaka mingi. Mwaka 2004 bodi yao ikabadili mwendo: ikakubali kuwafundisha na kuwapa leseni. Watafiti baadaye walikadiria kuwa badiliko hilo liliinufaisha nchi kwa dola zaidi ya milioni 30 kila mwaka, wafugaji na wanywaji wakiwemo. Mwaka 2019 zilipotoka rasimu za kanuni za kubana tena maziwa mabichi, wananchi walipiga kelele na kanuni zikarudishwa nyuma.

Tunachodai sisi si kikubwa. Leseni moja, dirisha moja, na ada iendane na lita. Mafunzo ya siku chache na cheti kwa kijana wa dumu. Keni za chuma kwa mkopo, kwa sababu huwezi kumkataza mtu dumu bila kumwonyesha pa kupata keni. Na matangi ya kupoozea karibu na wafugaji, ili maziwa ya jioni nayo yawe na mnunuzi.

Mtaambiwa fedha hakuna. Kila ng'ombe anayeuzwa mnadani Kilosa anatozwa ushuru. Basi siku diwani akija kuomba kura, muulizeni swali moja tu: ushuru wa mifugo wa miaka yote hii umenunua tangi lipi, na limewekwa kijiji gani?