Maneno Yaliyotumwa kwa Simu



Dada mmoja wa kwaya yetu hapa Makueni alitukanwa kwa simu usiku kucha, na picha yake ikapitishwa mpaka Kitui. Tulipoketi, sisi wazee wa kanisa, wengine walisema, "Askari wana kazi ya wezi wa mifugo, matusi ni upepo tu." Hatukukubali. Ndani yake kulikuwa na tishio la kumchomea nyumba, na hilo ni kazi ya askari. Sheria ya uhalifu wa mitandao ya mwaka 2018 iliwawekea wasumbufu wa namna hiyo faini ya hadi shilingi milioni 20, au kifungo cha hadi miaka 10.

Lakini si kila neno chungu lipelekwe kituoni. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno. Basi mengine yatuhusu sisi. Katika Mathayo 18 Bwana Yesu anatutuma kwanza kwa ndugu aliyekosa, faraghani. Nasi tulipoulizana nani aliipitisha picha ile, wawili kati yetu tuliinamisha vichwa.

Jioni tulikwenda kwao kwa miguu. Mama yake alitufungulia. Yeye mwenyewe hakutoka.