Tukague Tangi Kabla ya Kushua Chombo
(Mazungumzo na wavuvi wa Kunduchi)



Mashine inayozimika ufukweni ni usumbufu. Inayozimika nje ya kisiwa cha Mbudya, upepo wa kusi ukivuma, ni hatari ya roho. Mara nyingi chanzo ni maji ndani ya petroli: mvua iliyoingia katika dumu lisilofungwa vema, au unyevunyevu uliogeuka matone ndani ya tangi lililoachwa nusu.

Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutulia chini, karibu na pale mpira wa mafuta unapofyonza. Basi acheni tangi litulie, kisha toeni mafuta kidogo ya chini, myatie katika chupa ya kioo. Mkiona matabaka mawili, la chini ni maji. Ondoeni mafuta yote, safisheni kabureta, badilisheni chujio, tieni petroli safi. Kazi hiyo ifanyike mbali na moto na sigara, na mafuta machafu yasimwagwe baharini wala mchangani.

Wazee wetu walikagua tanga kabla ya kutweka. Nasi tukague tangi kabla ya kushua.